Nyambizi ya Somalia na nyambizi ya Msumbiji si moja

Swali: Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa majahazi. Alitusimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili nyambizi ya Wajerumani iliingia Msumbiji, ikazamisha meli, ikatungua ndege, halafu ikakwama Somalia na mabaharia wake wakakamatwa. Juzi nimesoma mahali kwamba nyambizi hiyo hiyo ilifika Australia na New Zealand. Sasa ilikwama au ilifika? Na kama ilifika, mafuta ya kwenda kote huko ilipata wapi? (Msomaji, Mtwara)

Jibu: Mungu amrehemu mzee wetu. Yote aliyowasimulia yalitokea, ila hayakuifika nyambizi moja. Amechanganya mbili, na wala simlaumu, maana majina yake yanatofautiana tarakimu moja tu: U-852 na U-862. Zote mbili zilijengwa katika kiwanda cha meli cha AG Weser, Bremen. Zote ni za aina moja, IXD2, na zote zilitumwa Bahari ya Hindi mwaka 1944. Iliyokwama Somalia ni 852. Iliyozamisha meli Msumbiji, ikatungua ndege na kufika hadi New Zealand ni 862.

Nianze na ya Somalia. Habari yake ni fupi, na ukiielewa utajua kwa nini mwenzake alisalimika.

U-852 iliongozwa na Heinz-Wilhelm Eck, na ile ndiyo safari yake ya kwanza ya vita akiwa nahodha wa nyambizi. Usiku wa Machi 13, 1944, katika Atlantiki ya kusini, aliizamisha meli ya mizigo ya Wagiriki, Peleus. Meli ikaenda chini upesi, ikaacha vyelezo, mbao na watu wakielea. Eck aliingiwa na hofu: kukicha, ndege zingeyaona mabaki hayo na kujua kuna nyambizi jirani. Nahodha mzoefu angewasha injini zote mbili akakimbia usiku kucha. Yeye alibaki palepale kwa saa kadhaa, akaamuru vyelezo vipigwe kwa bunduki za rashasha na maguruneti ili vizame, pamoja na watu waliokuwa wamevishikilia. Walipona watatu, wakaokotwa na meli nyingine baada ya wiki kadhaa. Na vyelezo vyenyewe havikuzama vyote.

Mwanzoni mwa Mei ndege za Waingereza kutoka Aden zilimkuta nje ya pwani ya Somalia. Zikamjeruhi kiasi kwamba nyambizi haikuweza tena kukaa chini ya maji. Mei 3 akaipandisha kwenye mwamba karibu na Ras Hafun, wakajaribu kuilipua, wakashuka pwani na kukamatwa. Mlipuko haukuimaliza. Waingereza walipanda, wakakuta mpaka daftari la safari, lenye kuonyesha ilikuwa wapi siku Peleus ilipozama. Eck na maofisa wake wawili walihukumiwa Hamburg, wakapigwa risasi Novemba 30, 1945. Hiyo ndiyo nyambizi ya Somalia.

Sasa tuje kwenye 862, na swali lako la mafuta.

Ondoa kwanza kichwani picha ya nyambizi ya leo, inayokaa chini ya bahari miezi mitatu kwa nguvu ya nyuklia. Nyambizi ya wakati ule ilikuwa chombo cha juu ya maji chenye uwezo wa kujificha chini kwa muda. Juu ilitumia injini za dizeli. Chini, ambako hakuna hewa ya kulisha dizeli, ilitumia mota za umeme na betri. Aina hii ya IXD2 ilikuwa na urefu wa mita 87 na ushei, na matangi yake yalibeba tani 441 za mafuta. Ikienda juu ya maji kwa mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa iliweza kukata zaidi ya maili 23,000 bila kuongeza mafuta. Kumbuka kuizunguka dunia yote kwenye mstari wa ikweta ni kama maili 21,600.

Chini ya maji ndipo unyonge wake ulipojulikana. Ikienda maili 4 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka, betri ziliisha baada ya maili 57. Yaani izamie Dar es Salaam, ifike Unguja, igeuze, na kabla haijafika nusu ya njia ya kurudi imekwisha nguvu. Lazima itoke juu, iwashe dizeli, ichaji. Kwa saa hizo za kuchaji, usiku usiku, ndipo ndege yenye rada inapoikuta. Kwa hiyo mafuta hayakuwa shida kubwa kwa nahodha wake, Timm. Shida yake ilikuwa saa za kukaa juu.

Huyo Heinrich Timm ndiye nahodha wa U-862 tangu ilipoanza kazi Oktoba 7, 1943 hadi mwisho wake. Kabla ya hapo aliongoza nyambizi nyingine, U-251, kwenye bahari za barafu kaskazini mwa Norwe. Hakuwa mgeni wa kazi kama Eck. Juni 1944 aliondoka Norwe na watu sitini na kitu, akashuka Atlantiki yote kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Ametumwa Penang, Malaya (Malaysia ya leo), ambako Wajapani walikuwa wamewapa Wajerumani kituo. Kundi la nyambizi zilizotumwa huku liliitwa Monsun. Neno hilo Wazungu walilipata kwa Waarabu, mawsim, nalo ni hilihili letu la msimu. Ukiliangalia hivyo, Wajerumani waliiita operesheni yao kwa neno la mabaharia wa Kilwa na Maskati.

Julai 25, Atlantiki ya kusini, akaipiga meli ya Kimarekani Robin Goodfellow. Hakupona mtu.

Katika safari hiyohiyo nusura ajiue mwenyewe. Nitaeleza kidogo, kwa sababu wengi hudhani topido ni kama risasi, ukishafyatua imekwenda. U-862 ilikuwa na topido za aina mpya, T5, ambazo Wajerumani walizipa jina la kindege kidogo, Zaunkönig. Puani mwake kulikuwa na masikio mawili ya umeme ya kusikiliza kelele za pangaboi za meli. Kelele ikizidi upande wa kulia, usukani unakata kulia. Ikizidi kushoto, unakata kushoto, hadi inapiga tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli. Silaha ya kutisha kwa meli za ulinzi zinazokwenda mbio. Lakini topido haijui mwenyewe ni nani. Ikishatoka mrijani ikaenda mita mia nne hivi, inaanza kusikiliza, na kelele kubwa kuliko zote ndiyo inayoifuata. Basi amri ilikuwa hivi: ukishafyatua T5, zama haraka, nyamaza. Timm alifyatua moja, ikapiga mzunguko mzima ikarudi kumtafuta yeye. Alizama kwa dharura ikapita. Nyambizi kadhaa za Kijerumani zilizopotea bila habari zinashukiwa kufa kwa namna hiyohiyo, kwa topido yao wenyewe.

Kisha Agosti, msimu wa kusi, akaingia mlangobahari wa Msumbiji.

Hapa uangalie tarehe, kwa maana ndizo zinazosema. Nyambizi nyingine ya aina hiyohiyo, U-198, ilikuwa imemtangulia kwenye maji yetu. Agosti 6 ilizamisha meli ya Waingereza Empire City, na kesho yake, mashariki ya pwani ya Tanganyika, ikaizamisha Empire Day. Waingereza wakatoa kundi zima kuisaka: meli mbili ndogo za kubeba ndege, Begum na Shah, pamoja na manowari za kusindikiza. Wakaifukuza kuelekea Ushelisheli siku baada ya siku, na Agosti 12 manowari Findhorn ya Waingereza na Godavari ya Wahindi wakaimaliza. Watu wote 66 walikufa.

Agosti 13, siku iliyofuata, Timm akaizamisha Radbury huku kusini. Wawindaji walikuwa mbali kaskazini. Agosti 16 ikafuata Empire Lancer, Agosti 18 Nairung, Agosti 19 Wayfarer. Meli nne za Waingereza kwa siku saba, zote za mizigo, zikisafiri peke yake kwenye njia ya meli zinazopanda na kushuka kati ya Durban, Lourenço Marques (Maputo ya leo), Mombasa na Aden. Waliosalimika kutoka Radbury walifika kisiwa cha Europa, kidogo mno, katikati ya mlangobahari, wakaishi huko wiki kadhaa kabla ya kuokolewa.

Ndege aliyoisema babu yako ilianguka Agosti 20. Ilikuwa Catalina ya Kikosi 265 cha jeshi la anga la Uingereza, kikosi kilichoundwa upya Mombasa mwaka 1943 na kuhamia Diego Suarez, Madagaska. Catalina ni ndege ya kutua majini, nzito, ya kwenda polepole, nzuri kwa doria ndefu. Ilimkuta Timm juu ya maji, ikashuka kumshambulia. Mizinga ya nyambizi ikaipata, ikatumbukia baharini na wote waliokuwemo.

Sasa tazama alichofanya. Ameua meli nne na ndege moja kwa wiki moja, njia bado ina meli. Aliondoka. Hakungoja kukusanya zaidi. Siku chache baadaye ndege na meli zilijaa eneo lile kumtafuta, yeye yuko njiani kwenda Penang, alikofika Septemba 9. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya 862 na zile mbili nyingine. Eck alikaa saa chache kupita kiasi mahali pasipostahili. Nahodha wa U-198 hakuwahi kuwatoroka wawindaji wake. Timm alijua kuondoka. Bahati alikuwa nayo pia, sitaki kumpamba. U-198 ilikuwa imewavuta wawindaji wakati yeye anaanza kazi.

Kabla sijavuka kwenda mashariki, niseme jambo moja ambalo huchanganya zaidi ya hilo la namba. Wazee wengi wa pwani na bara wakisema nyambizi iliyoua vijana wetu, mara nyingi wanakusudia Khedive Ismail, meli ya askari iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa karibu na visiwa vya Maldivi Februari 12, 1944. Ilizama kwa dakika chache, na karibu watu 1,300 walikufa, mamia kati yao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi iliyofanya hivyo ilikuwa ya Wajapani, I-27. Si ya Wajerumani. Nayo ilizamishwa siku hiyohiyo.

Penang hapakuwa peponi. Nyambizi za Waingereza zilinyemelea mlangoni, mabomu ya majini yametegwa njiani, topido chache, vipuri havipo, na joto linaharibu betri. Wajerumani wakahamishia shughuli nyingi Batavia, Jakarta ya leo, kisiwani Java, na bandari nyingine. Kutoka huko wakapanga nyambizi tatu ziende kuwinda nje ya Australia: U-168, U-537 na U-862.

U-168 ilizamishwa na nyambizi ya Waholanzi, Zwaardvisch, Oktoba 6, hata kabla ya safari yenyewe. U-537 ilizamishwa na nyambizi ya Wamarekani, Flounder, Novemba. Hapa hapakuwa na bahati mbaya tu. Maadui zao walikuwa wanasoma ujumbe wa redio wa Wajerumani na Wajapani kama mtu anavyosoma gazeti. Ukituma habari kwamba utapita mahali fulani saa fulani ili Wajapani wasikupige kimakosa, adui naye anaipata.

U-862 ilitoka Batavia Novemba 18, 1944, ikapenya. Ikashuka magharibi ya Australia, ikakata kusini. Desemba 9 ikaikuta tanki ya mafuta ya Wagiriki, Ilissos, nje ya pwani ya Australia Kusini, ikaanza kuipiga kwa mzinga wa sitahani. Tanki nayo ilikuwa na mzinga, ikajibu. Nyambizi haina haja ya kuthubutu kupigana mzinga kwa mzinga, tundu moja tu kwenye gamba na haiwezi kuzamia tena. Timm akazama, akaiacha. Akazunguka Tasmania, na alfajiri ya Krismasi akaipiga Robert J. Walker, meli ya mizigo ya Wamarekani, nje ya New South Wales. Ilimchukua topido kadhaa. Wapiga mizinga wa meli hiyo walizipiga risasi topido zilizokuwa zikiwajia, na meli ilikataa kuzama kwa saa nyingi. Walikufa watu wawili.

Australia ikashtuka, ndege na manowari zikatoka. Timm hakuwepo. Alikuwa amekwenda mashariki zaidi, akaizunguka New Zealand kwa juu na kushuka pwani yake ya mashariki katikati ya Januari 1945. Usiku mmoja aliingia hadi ndani ya maji ya bandari ya Gisborne. Akapita pia Napier, mji una taa zake zote, watu wameshasahau kwamba kuna vita baharini. Kuna hadithi kwamba mabaharia wake walishuka ufukweni usiku wakakamua ng'ombe wapate maziwa. Usiiamini. Ni utani uliokuzwa baada ya vita, ukapendwa mno hata sasa hauwezi kuzuilika.

Ikaitwa nyumbani, yaani Batavia. Februari 6, 1945, katika Bahari ya Hindi mbali magharibi ya Australia, ikaizamisha Peter Silvester, meli ya Wamarekani iliyokuwa imebeba askari na mamia ya nyumbu kwenda Colombo. Nyumbu walikusudiwa kubeba mizigo vitani Burma, mahali ambapo lori halipiti. Mashua ya mwisho ya waliosalimika ilipatikana baada ya zaidi ya mwezi mzima baharini. Hiyo ndiyo meli ya mwisho ya Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) kuzamishwa na adui katika Bahari ya Hindi vita vile. Februari 15 Timm akawa bandarini. Jumla: safari mbili, meli saba, tani 42,374 za ujazo. Nyambizi nyingine za Wajerumani zimeua mara kadhaa zaidi ya hizo, lakini hakuna nyingine iliyofanya kazi ndani ya Bahari ya Pasifiki.

Swali lako la mafuta, basi, lina jibu la sehemu mbili. Kutoka Norwe hadi Penang ilitosheka na matangi yake. Kwenda New Zealand na kurudi ilijazwa na Wajapani huko Java. Hapakuwa na meli ya siri iliyoifichia mafuta kisiwani Komoro wala Mafia, kama inavyosemwa vijiweni.

Mei 1945 Ujerumani iliposalimu amri, U-862 ilikuwa Singapore ikifanyiwa matengenezo. Kurudi Ulaya hakukuwezekana tena, na Wajapani walikuwa bado wanapigana. Waliichukua pamoja na U-181, wakashusha bendera ya Kijerumani, wakaipa namba yao, I-502. Mabaharia wa Kijerumani wakahamishiwa Batu Pahat, kusini mwa Malaya, wakangoja huko hadi Waingereza walipokuja. Timm alikaa kifungoni miaka kadhaa, akarudi kwao, na baadaye akavaa tena sare, ya jeshi la majini la Ujerumani Magharibi. Chini ya bendera ya Japani nyambizi haikwenda vitani hata mara moja. Februari 1946 Waingereza waliikokota hadi mlangobahari wa Malaka, wakaizamisha kwa makusudi ikiwa tupu.

Kwa hiyo, kama babu yako katika safari zake za kupanda na kusi kwenda Arabuni aliwahi kuonyeshwa chuma kilichokwama kwenye mwamba huko Ras Hafun, ile ilikuwa 852. Ya Msumbiji iko Malaka, nje kabisa ya njia ya majahazi yetu.